Mfuko Usiochanika

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya, halafu nzuri kupita zote za mwaka huu. Mwenye duka aliniuliza kama kawaida yake: nailoni, karatasi, au nimekuja na wangu? Nikachagua karatasi. Nilitaka nionekane mtu wa maana. Mvua ikanidaka hatua kumi kutoka mlangoni. Kitako cha mfuko kikalegea, nyanya zikatangulia, vitunguu vikafuata, na kopo la maziwa likabiringika mpaka miguuni pa Fundi.

Fundi ni yule mjane anayeshona mifuko ya kitambaa kwenye baraza ya duka. Mwaka mzima nimekuwa nikimpita na salamu ya haraka haraka, macho chini. Leo aliinuka, akaokota nyanya moja moja, akazifuta na kuzitia kwenye mfuko wa bluu wenye mikanda myekundu. Nikaununua bila kuuliza bei. Akaniambia ukichanika, hata baada ya miaka kumi, niurudishe, ataushona bure. Ndivyo anavyowafanyia wote walionunua kwake. Nikasema asante mara nne.

Tulizungumza dakika tatu. Nina miaka arobaini na saba, kutwa nakaa masjala na majalada, na sijawahi kutamani mtu aseme neno moja zaidi namna hii.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo limejitokeza. Mfuko hauna kasoro. Nikipita nao, Fundi anaridhika, anarudi kwenye cherehani yake. Mteja mwema hana la kuambiwa.

Kinyozi, jirani yake pale barazani, kila siku anatoka dukani na nailoni. Fundi humsimamisha na kumsema: mitaro imeziba kwa ajili ya watu kama yeye, mvua ikinyesha maji yanaingia hadi vyumbani. Leo nimepima kwa saa. Robo saa nzima ya kusemwa! Jitu lenyewe linacheka tu. Nilimwonea wivu. Tumezaliwa mwaka mmoja, naye ananiita mzee wangu.

Jioni nikaenda dukani, nikaomba nailoni kwa sauti ya kufika barazani. Mwenye duka akauliza kama nina hakika. Nikasema mbili. Nikatoka nazo nimeziinua juu, nikasimama mbele ya Fundi kusubiri zamu yangu ya kusemwa. Hakunisema. Akaziangalia nailoni, akaniangalia mimi, akauliza kwa upole kama mfuko wake ulikuwa na ubaya wowote. Nikamwambia nimeufua. Akasema haya.

Dada yangu, mkunga mstaafu ninayeishi naye, alizipokea nailoni kwa furaha. Akazikunja pembetatu, akazisukuma chini ya sinki pamoja na nyingine mia mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Uamuzi: mfuko lazima uchanike. Kwa njia ya haki, kwa kuchakaa kwa kawaida, ila kuharakishwe. Asubuhi niliutia matofali mawili. Wapi. Nikaongeza pasi. Nikauning'iniza kwenye kulabu ya mlango wa jikoni, nikavuta kwa mikono miwili na goti moja. Kulabu ikang'oka na kipande cha mlango, nikaanguka chali. Mfuko ukanitua kifuani, hakuna hata uzi uliokatika.

Dada akaja kuuliza nafanya nini. Nikasema napima ubora. Akasema amezalisha miaka thelathini na moja, na mtu mwenye uchungu anamjua akimwona.

Baadaye nilikaa nimeupakata, naangalia mishono. Midogo, sawasawa, imerudiwa mara mbili kwenye pembe. Nilitamani kujua Fundi huwaza nini anaposhona. Nilitamani kujua jioni nani humwuliza kama amechoka.

Jumatatu, 10 Machi

Wembe. Mkato mmoja ubavuni, urefu wa kiganja. Niliuomba mfuko radhi kwanza.

Matokeo ya awali: mazuri ajabu. Fundi alishtuka, akanikalisha kwenye kigoda chake, akanipa maji. Akauliza kama nimeumia, kama wamenichukulia kitu, maana kwa macho yake huo ni wembe wa mwizi wa sokoni. Hapo nilipaswa kusema hapana. Nikasema ilikuwa ghafla sana. Akasema pole, pole mno, akaanza kushona nikiwa pembeni yake. Dakika ishirini na mbili. Alikata uzi kwa meno. Nilifurahi hadi nikaogopa.

Matokeo ya pili: Kinyozi alikuwa anasikiliza. Akatangaza mtaa mzima usikie kwamba kama kuna wezi wenye nyembe, yeye hawezi kumwacha Fundi arudi nyumbani peke yake. Kuanzia leo atamsindikiza kila jioni. Niliwaona wakiondoka wawili, cherehani iko begani kwa Kinyozi. Nimejipalia makaa kwa mikono yangu.

Jumatano, 12 Machi

Nilikwenda kumtoa hofu. Nikamwambia nimechunguza upya, hakuna mwizi, ni panya wa nyumbani kwetu. Fundi akauvuta mfuko, akapitisha kidole kwenye ule mkato alioushona, ulionyooka kama rula. Akauliza kama panya wetu hunyoa ndevu. Nikasema sijui tabia zake zote.

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaniambia Jumamosi anahama. Mdogo wake ana duka la vitambaa mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi, na amempa chumba cha kushonea chenye dirisha. Nilimwambia dirisha ni jambo zuri. Akasema kama nina neno la kumwambia, basi linaondoka saa tatu asubuhi, nije kituoni. Na nije mikono mitupu. Alisema anataka kuniona mara moja bila mfuko.

Sijala chochote leo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya mazoezi masjala, mbele ya kabati la majalada. Sentensi ni moja: Fundi, nimekuzoea kuliko nilivyokusudia, na sitaki uende. Dada akanisikiliza jikoni, akasema imetosha, nisiongeze kitu. Amenipigia pasi shati jeupe. Hakunitania hata kidogo, na hilo limenitisha kuliko yote.

Jumamosi, 15 Machi

Nilitoka mikono mitupu. Naapa. Nilifika hadi kona. Lakini mikono isiyo na kitu haina pa kukaa. Niliitia mifukoni mwa suruali, nikaikunja kifuani, nikaiweka nyuma kama mkaguzi wa shule. Nikarudi kuchukua mfuko wa bluu, wa kushika tu. Na kwa kuwa mtu anayezunguka na mfuko mtupu angeshangaza watu, nikalegeza mkanda mmoja kwa wembe. Kidogo.

Kituoni Kinyozi alikuwa anapakia cherehani kwenye buti la basi. Akamaliza, akampa Fundi mkono, akamtakia safari njema, akarudi kwa wateja wake. Hivyo tu. Tukabaki wawili. Fundi aliuona mfuko, akashusha macho, akayainua tena. Akauliza ni neno gani nililokuja nalo.

Nilivuta pumzi. Sentensi yote ilikuwa kichwani, hadi nukta. Nikasema mkanda umelegea.

Utingo akagonga bodi la basi. Fundi akaupokea mfuko taratibu, akasema cherehani iko chini ya mizigo, kwa hiyo ataushonea huko. Hatampa mtu aulete. Nitaufuata mwenyewe. Akakaa dirishani, mfuko mapajani, ameushika kwa mikono miwili mpaka basi likakata kona. Nilisimama palepale hadi basi jingine likanipigia honi nipishe.

Jumapili, 16 Machi

Barazani zimebaki alama nne za miguu ya meza ya cherehani yake. Nilizizunguka nilipopita.

Dada anasema mwanamke amenialika, kwamba hakuna mwaliko mwingine zaidi ya huo, na nipande basi la kesho nikaseme ile sentensi. Dada ni mkunga, mambo ya mipango hayajui. Nikaufuate mfuko mmoja? Nitaupokea, nitasema asante mara nne, na hapo mambo yatakuwa yamekwisha.

Kwa hiyo nimekata tiketi ya Alhamisi, nipate muda wa kujiandaa. Tangu asubuhi nimepita nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani waniazime mifuko waliyonunua kwa Fundi. Nimepata kumi na mmoja. Kwa dakika ishirini na mbili kila mmoja, ni zaidi ya saa nne karibu yake, na sitahitaji kusema kitu.

Nimenunua wembe mpya. Nimeanza na mfuko wa kijani, ambao mke wa Kinyozi ameniletea mwenyewe hadi mlangoni. Sikujua kama ana mke.