Koki ya Mama Mkwe

Jumanne, 17 Juni 1975. Rahaleo

Nimeamua. Lori litapanda mlima bila kukohoa. Jumanne ijayo nampeleka mama mkwe Kilambo, avuke Ruvuma, ili Jumatano awe kijijini kwao bendera ya Msumbiji ikipandishwa. Miaka kumi na moja anaingoja siku hiyo. Alikimbilia huku na binti yake Laurinda, ambaye sasa ni mke wangu, na sufuria moja. Sufuria bado anayo. Nimeahidi mbele ya wajomba wote, tena kwa sauti kubwa.

Shida ni moja tu. Mwaka jana niliokota pampu ya kushindilia hewa huko Nachingwea, kwenye vyuma chakavu vilivyoachwa tangu enzi za mashamba ya karanga. Nikaifunga kwenye injini yangu ya petroli ili izungushwe na fanbelti. Wiki ya kwanza lori liliruka kama mbuzi! Tangu hapo linakwenda tambarare tu. Mlimani linakohoa, linapiga mizinga, linazimika. Kila siku nabeba mchanga kutoka Likombe, na kila siku watu wa Likombe wananisukuma. Siku hizi wakiniona wanakunja mikono ya mashati bila hata kuulizwa.

Jirani Erasto, karani wa bandarini, amekuja na kusema kwa upole kwamba gari lake lipo, na angefurahi kumpeleka bibi. Gari lake! Halina pampu ya aina yoyote. Linatembea kama limetumwa dukani na halitaki kwenda. Nimemshukuru sana na kufunga mlango.

Jumatano, 18 Juni

Kwa fundi Mathayo, Likombe. Ameisikiliza injini kidogo tu, akasema hewa imezidi na petroli haitoshi. Niko huru kuchagua. Niitoe pampu ya hewa, kazi ya dakika ishirini, au nibadili pampu ya petroli, mabomba na kabureta, vitu ambavyo viko Dar es Salaam, kama viko. Nikamwambia ipo njia ya tatu. Akafuta mikono, akaingia ndani kunywa uji.

Njia ya tatu ni debe. Debe la petroli nalipandisha juu ya sanduku la soda, ndani kwenye kiti. Bomba la mpira linashuka mpaka kwenye mdomo wa pampu ya hewa. Njiani naweka koki. Mlimani fungua, tambarare funga. Petroli inashuka yenyewe! Nimecheka peke yangu njia nzima.

Ijumaa, 20 Juni

Laurinda ameniuliza mama yake atakaa wapi. Lo! Sikuwa nimewaza hilo. Kwetu mtu hakai bega kwa bega na mama mkwe. Hamtazami usoni, na hasemi naye ana kwa ana. Miaka tisa nimemwoa Laurinda, na neno langu lolote kwa mama linapitia kwake. Hata “karanga zimeiva” linapitia kwake. Nyuma juu ya mchanga mama hawezi, magoti yanamsumbua. Mbele kuna mimi.

Nimekaa juu ya ngazi kwa huzuni mpaka chai ikapoa. Halafu likanijia. Debe! Si litakaa katikati ya kiti? Ni tangi, na ni ukuta. Nashangaa kwamba viwanda vya magari havijafikiria jambo hili.

Jumamosi, 21 Juni

Limefungwa kwa kamba za katani. Majaribio yamefanyika kwenye mlima wa Likombe, na mchanga umejaa. Lori limepanda kama linashuka! Nimepita mbele ya nyumba ya Erasto, nimepiga honi mara tatu. Alikuwa anamwagilia mchicha.

Hapo tambarare, kwa furaha, nikasahau kufunga koki. Petroli ikafurika, plagi zikalowa, lori likazimika hatua kumi kutoka kwenye mchicha. Erasto ameweka ndoo chini, amekuja kusukuma. Hata hakungoja kuitwa. Ndiyo tabia yake inayoniudhi.

Jumatatu, 23 Juni

Jambo dogo limejitokeza. Koki iko upande wa abiria.

Nikiwa peke yangu najinyoosha na kuifikia. Lakini kesho pale patakuwa na magoti ya mama mkwe. Nipeleke mkono pale? Bora nife. Debe nikiligeuza, bomba halifiki. Laurinda amesema tumwombe Erasto. Nimemweleza kwamba hakuna tatizo: yeye atakaa nyuma, karibu na kidirisha, mimi nitamwambia yeye, yeye atamwambia mama. Ameinuka, ameenda kuanua mihogo.

Celestino, mwenye mtumbwi Kilambo, ameleta salamu. Anavuka kesho saa nane mchana kwenda kwenye sherehe, na hatarudi mpaka wiki iishe. Atakayechelewa abaki.

Jumanne, 24 Juni

Naandika hapa Kilambo, mkono unanuka petroli.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Mama mkwe na kitenge kipya, sufuria mapajani, uso dirishani. Mimi uso barabarani. Debe katikati, heshima tupu.

Mlima wa kwanza nilimwita Laurinda, amwambie mama afungue. Upepo. Hakusikia. Nikarudia. Akasikia, akamwambia mama. Mama akamuuliza afungue nini. Laurinda akaniuliza mimi. Nikasema koki. Wakati huo lori lilikuwa limeshazimika na linarudi nyuma, na Laurinda akaruka kuweka jiwe kwenye gurudumu.

Mlima wa pili alifungua kwa wakati. Habari ya kufunga ndiyo iliyochelewa. Nilifuta plagi kwa pindo la shati. Saa nne.

Mlima wa tatu ulitushinda mara tatu. Saa sita kasoro! Nilikaa chini ya boneti nikiogopa kuinua kichwa. Miaka kumi na moja, na mimi ndiye nitakayemkosesha. Mimi na debe langu! Mara nikasikia gari linakuja polepole nyuma yetu. Erasto. Ameomba ruhusa kazini, ati alikuwa anapita tu. Kupita kwenda wapi, wakati mbele kuna mto? Akamfungulia mama mlango wa gari lake.

Mama hakushuka. Alikuwa bado anatazama dirishani. Halafu akasema, na hakusema na Laurinda.

“Jeronimo. Wewe shika usukani. Koki niachie mimi.”

Nilishika usukani.

Jamani! Asubuhi nzima alikuwa anaisikiliza ile injini. Ilipotaka kukohoa tu, mkono ulikuwa umeshafika. Tambarare ikionekana, ameshafunga. Mkono mmoja koki, mwingine sufuria. Mlima wa tatu tumeupanda, wa nne hatukuuona. Erasto alibaki nyuma kwenye vumbi, na sikupiga honi, kwa kuwa nilikuwa na mama.

Saa saba na nusu tulikuwa mtoni. Laurinda anavuka naye, atakaa huko wiki moja. Mama alipoingia kwenye mtumbwi aligeuka, akanitazama usoni. Mara moja tu.

“Nimefika, mwanangu,” akasema.

Nikalia, sifichi. Laurinda aliniuliza nina nini, nikamwambia petroli imeniingia machoni. Nilisimama majini mpaka mtumbwi ulipogusa upande wa pili, na yule mwenye sufuria akashuka.

Jumatano, 25 Juni

Redio inaimba tangu alfajiri. Naisikiliza kwa Erasto, nakula mchicha wake. Jana kwenye mlima wa kwanza wa kurudi nilijinyoosha kufungua koki, usukani nao ukanyooka na mimi, na sasa lori limo shimoni katikati ya shamba la mihogo la mtu. Erasto, aliyekuwa anafuata nyuma, amenivuta kutoka humo kwa kamba, akanileta nyumbani.

Ijumaa, 27 Juni

Mathayo amekwenda kulitazama. Anasema atoe pampu ya hewa, dakika ishirini, nami nitapanda milima mpaka nizeeke. Nimemwambia ameukosa ugonjwa. Mfumo wangu wa petroli ni mzuri, ulichokosa ni mama mkwe wa kudumu.

Celestino amerudi na ujumbe. Mama anasema nikamchukue mwezi wa nane, na chombo chochote kinachotembea. Laurinda ameongeza, kwa niaba yake mwenyewe, kwamba Erasto ana gari.

Nimewaza. Debe moja lina koki moja, na mama ana mikono miwili. Tukiweka madebe mawili, yeye akakaa katikati yake, atatawala yote, na heshima itakuwa maradufu. Ila petroli hiyo yote itahitaji hewa zaidi. Huko Nachingwea niliona pampu nyingine, kubwa kuliko hii.

Erasto amekubali kuniazima gari twende Jumatatu. Langu haliwezi ile milima.