Mtetea Anayewika

Jumatatu, 1 Julai

Chuo kimefungwa. Wenzangu wameondoka na mabegi yao wakiimba. Tumebaki mimi, harufu ya mabanda, na Daktari. Daktari si daktari. Ni mwanafunzi wa afya ya mifugo anayetembea na kipimajoto mfukoni mwa shati kama wengine wanavyotembea na kalamu. Tumepewa kazi ya likizo kwenye mabanda ya kuku wa chuo. Yeye kuchanja na kutafiti. Mimi kufagia na kuokota mayai. Nani aligawa kazi hizi? Sijui. Nina hakika kipimajoto kilihusika.

Sikwenda kukaa nyumbani likizo hii kwa sababu nyumbani hakuna mtu. Mama alifariki mwanzoni mwa mwaka. Dada amepangisha nyumba, kagawa vyombo, na uani kalibaki kajogoo kamoja tu, jogoo wa Mama. Dada akasema kazeeka, hana faida, Jumamosi anaingia sufuriani. Dada ni mtu wa vitendo. Kwa hiyo jana nimemtorosha kwenye kikapu cha nguo, nimemfunika kwa shati. Yuko chini ya kitanda changu. Anakula mkeka.

Anaitwa Bwana Saa. Mama alimpa jina hilo kwa utani, maana hajawahi kuwika alfajiri tangu aanguliwe. Huwika jua likishapasha bati. Wakati huo Mama keshafagia, keshafua, lakini chai haimiminwi mpaka Bwana Saa aseme. Nilikuwa nikimwambia jogoo huyu mbovu. Akasema si mbovu, ana huruma na waliolala. Aliyekuwa bado kalala ni mimi.

Jumanne, 2 Julai

Tumesomewa sheria na Mama Buti, msimamizi wa mabanda. Hajawahi kuonekana bila buti za mpira. Inasemekana alizivaa hata kwenye harusi ya mwanawe. Sheria ni hizi: anayeingia bandani akanyage beseni la dawa. Asiyenawa asiguse kuku. Na kubwa kuliko zote, ndege wa nje haingii chuoni. Akikutwa anachinjwa papo hapo na kufukiwa, na aliyemleta anafungasha. Ni kwa sababu ya kideri, ugonjwa unaoweza kufagia banda zima. Akaniuliza nimeelewa? Nikasema nimeelewa mno. Daktari akawa anatikisa kichwa kana kwamba sheria alizitunga yeye.

Hapo hapo, kutoka bwenini, Bwana Saa akawika.

Ana sauti nene, inayopasuka katikati kama mlango wenye bawaba mbovu. Mama Buti akauliza nini hicho. Nikasema ni mlio wa simu yangu. Safi! Akili yangu hufanya kazi vizuri nikiogopa. Mama Buti akasema, mbona simu yako umeishika mkononi, mwanangu? Nikatazama. Kweli nilikuwa nimeishika. Nikasema hiyo ni simu ya pili. Daktari akacheka, eti ndugu yangu hana soksi nzima lakini ana simu mbili.

Lazima Bwana Saa ahame leo leo.

Jumatano, 3 Julai

Nimepata wazo kubwa. Pa kumficha kuku ni penye kuku! Banda la pili limejaa mitetea, weupe wote. Bwana Saa ni mwekundu, mkia mweusi. Kasoro ndogo.

Nikampaka unga wa ngano. Alipendeza. Nikamtia bandani. Mitetea wakamzunguka, nikadhani wanamkaribisha, kumbe wanamla. Walimdonoa unga wote hadi akabaki mwekundu kuliko mwanzo, na kasononeka.

Nikamtoa, nikampaka dawa nyeupe ya viatu vya raba. Chupa nzima, niliyokuwa nikiitunza kwa ajili ya kufungua chuo. Manyoya yote yakakubali, isipokuwa mkia, uliogeuka kijivu. Daktari alikuwa amekaa mlangoni pa banda akipima joto la maji, nikaona nipite dirishani. Jogoo akapita. Mimi nikakwama kiunoni, miguu nje, kichwa ndani, mitetea wakinitazama kama wazee wa baraza. Daktari akaja kuniuliza natafuta nini. Nikasema nakagua dirisha. Akasema mlango uko wazi, ndugu yangu, angeniachia nipite kama ningesema.

Mama alikuwa akisema: mwanangu, wewe ukionyeshwa mlango utauliza dirisha liko wapi. Alisema hivyo huku akinishonea suruali. Siku hizi nashona mwenyewe, na inaonekana.

Ijumaa, 5 Julai

Siri imetulia. Bwana Saa analala katikati ya mitetea kama bwana harusi. Kuwika kulinisumbua, lakini Mungu si Athumani. Daktari ameanza utafiti. Ameweka redio bandani iimbe mchana kutwa, aone kama kuku wakifurahi watataga zaidi. Redio ina kelele za ajabu. Tangu ianze sijamsikia Bwana Saa hata mara moja, na wala hakuna mwingine anayemsikia.

Utafiti wa kipuuzi. Kuku na muziki wapi na wapi?

Dada amepiga simu. Anauliza jogoo yuko wapi, sufuria iko tayari na shemeji kanunua vitunguu. Nikamwambia jogoo amepata kazi chuoni.  Akasema, mdogo wangu, unakula vizuri kweli?

Jumapili, 7 Julai

Siku mbaya. Mayai yameongezeka. Trei zimejaa, na sifa zote ni za redio! Daktari anatembea kwa mwendo mpya, kifua mbele. Ameshampigia Mkuu wa Chuo. Mkuu amefurahi, atakuja Alhamisi kujionea. Hakuna aliyetaja kwamba bandani kuna mwanamume. Mwenye haki ya sifa ni Bwana Saa, aliyewafurahisha mitetea kwa sura yake, lakini nikisema tu anachinjwa. Nimekula bila hamu.

Si hayo tu. Leo Daktari amechanja banda la pili lote, mmoja mmoja. Nilijificha stoo nikisubiri mayowe. Hakupiga yowe. Alitoka na uso wa kisomi akaniambia amegundua mtetea wa ajabu: kilemba kikubwa chekundu kichwani, kucha ndefu nyuma ya miguu, manyoya yanayoacha weupe mikononi. Akasema ni ugonjwa wa homoni, adimu sana. Amemchanja kama wengine na ameshamwarifu Mkuu kwa simu.

Nikamuuliza, una hakika ni mtetea? Akaniambia mimi nishughulike na ufagio.

Jumatano, 10 Julai

Sikulala kwa wivu. Kesho Mkuu atampa Daktari mkono mbele yangu, kwa kazi ya jogoo wa mama yangu. Haiwezekani. Nimepanga hivi: kabla Mkuu hajafika nachomoa betri za redio. Redio haiimbi, Daktari anaaibika, nami nasimama pembeni nikisikitika kiungwana. Mpango mwepesi. Hauna tundu hata moja.

Alhamisi, 11 Julai

Ulikuwa na tundu.

Mkuu amefika na viatu vya kung'aa, akakanyaga beseni la dawa kwa uchungu. Mkuu hakusomea mifugo, alisomea hesabu za biashara, na kuku huwatazama kama watu wasiojaza fomu. Daktari akatoa hotuba ndefu, kisha akabonyeza redio. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya kabisa, mpaka ukasikia mitetea wakimeza mate. Jasho likamtoka Daktari. Nikasikitika kiungwana.

Jua lilikuwa limeshapasha bati.

Bwana Saa akapanda juu ya ndoo, akanyoosha shingo, akawika. Akawika yote, na ule mpasuko wa katikati. Kumbe siku zote redio ndiyo iliyokuwa ikimfunika! Nikasema simu yangu, lakini safari hii sauti haikutoka vizuri. Mama Buti akasema: simu yako ina mkia, mwanangu. Na kweli, dawa ya raba ilikuwa imebanduka pande zote, kabaki na mabaka kama ukuta wa zamani.

Mkuu akauliza, huyu si jogoo?  Nilimwona Bwana Saa ameshafukiwa. Nikaiona na ile asubuhi ya mwisho nyumbani, Mama kitandani, akaniuliza Bwana Saa amesema? Nikamwambia bado. Akasema basi tupumzike kidogo.

Aliyejibu ni Daktari. Akasema kwa sauti nyembamba: ni mtetea, mheshimiwa. Homoni. Nikamtazama. Akanitazama. Nikaelewa. Alikwishamwambia Mkuu ni mtetea. Akikubali ni jogoo, basi mtaalamu mzima wa afya ya mifugo kamshika jogoo miguu, kamchoma sindano, asimjue. Mkuu akanigeukia. Nikasema ni mtetea, tena mpole sana. Bwana Saa akawika mara ya pili. Daktari akasema, unaona, koo limevimba.

Mkuu akaona aibu kuuliza zaidi. Akasema sayansi ina mambo.

Mama Buti hakucheka. Alizitazama kucha za nyuma, akatutazama sisi. Akasema sawa, kama ni mtetea wa chuo, basi sheria ni ile ile ya mitetea wote. Asiyetaga huenda jikoni. Anampa mpaka wiki ijayo.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeweka yai chini ya Bwana Saa. Akalirukia, akalikanyaga, akalivunja. Nimeweka la pili, nikamkalisha juu yake kwa nguvu, nikamwimbia. Mama Buti akapita. Akaona yai. Akasema hongera yake.

Mimi na Daktari tumekuwa ndugu wa shida. Amenikaribisha chai. Chai ya moto, kaipima kwa kile kipimajoto cha kuku. Nikainywa.

Jumatatu, 15 Julai

Mama Buti aliniita stoo, akafunga mlango, akakaa juu ya gunia la pumba. Akasema yeye amefuga kuku tangu hajaota meno, kwa hiyo tusichezeane. Jogoo wa nani? Nikasema wa Mama. Akauliza mama yuko wapi. Nikamwambia. Akaanza kukwangua tope kwenye buti kwa kijiti, tope ambalo halikuwapo.

Kisha akasema jogoo ameshachanjwa na haonyeshi ugonjwa. Nyumbani kwake, nje ya uzio wa chuo, kuna ua mpana na mitetea wanne wasio na mume. Nimpeleke Jumamosi kimyakimya, yeye atafunga mdomo. Na mimi niwe nakuja asubuhi, nikae mezani na watu wa kwake, nimsikilize jogoo akiwika, chai itakuwepo. Akasema: mlango uko wazi, mwanangu. Pita tu.

 Nilimshukuru kwa kichwa. Nikaenda nyuma ya banda nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Jumatano, 17 Julai

Mambo yamekwenda vizuri kupita kiasi. Jana Daktari alijigamba kwamba mtetea wetu anataga kwa sababu yeye kamtibu homoni. Yeye! Nikasema nimwonyeshe. Nikaweka mayai mawili. Leo matatu. Mkuu ameambiwa kuna mtetea anayetaga mayai matatu kwa siku, akaja mbio, safari hii hakulijali hata beseni. Akasema kuku huyu lazima aende kwenye maonyesho ya kilimo Jumamosi, mbele ya mgeni rasmi, atashindanishwa na kuku wa vyuo vyote. Akauliza nani atamwongoza jukwaani. Daktari akaangalia chini, akanikanyaga mguu kwa kisigino.

Nikanyoosha mkono.

Ijumaa, 19 Julai

Mama Buti amekuja bwenini mwenyewe na kikapu. Akasema tumpeleke leo, yeye atamwambia Mkuu kwamba mtetea katoroka. Akaniomba. Mama Buti, kuniomba mimi! Nikamweleza kwa upole kwamba asiwe na wasiwasi. Kesho tunashinda, Daktari anaona nani fundi, na keshokutwa jogoo anakuja kwake akiwa na utepe shingoni. Alinitazama sana. Akasema Mungu amrehemu mama yako, alikuwa na kazi. Kikapu kakiacha mlangoni, mlango kauacha wazi.

Dada naye atakuja kwenye maonyesho. Amesema anataka kuiona hiyo kazi aliyoipata jogoo. Anakuja na shemeji. Natumaini hawaji na vitunguu.

Nimejiandaa vilivyo. Dawa ya raba, chupa mbili. Mayai manne mfukoni, yamefungwa kwa kitambaa cha Mama cha kichwani, kile cha maua ya njano, maana ndicho laini kuliko vyote nilivyonavyo. Mkia nimeukata kidogo. Bwana Saa amekaa juu ya meza yangu ananitazama kwa jicho moja, kama Mama alivyokuwa akinitazama nikianza sentensi kwa kusema nina wazo.

Limebaki jambo moja. Maonyesho yanaanza jua likiwa limeshapasha bati.

Akiwika, nitasema ni simu.