Wageni Wamenikuta Borneo

Leo nimeaibika vibaya. Nimeaibika nyumbani kwangu, mezani pangu, mbele ya watu niliowaalika kwa mdomo wangu mwenyewe. Nawaambia nyinyi mlio mbali kwa sababu walio karibu wameshajua. (Huku kwetu, upande wa Mumias, habari haingoji mvua iishe.)

Jumuiya yetu ya kanisa husali kila Jumamosi katika nyumba ya mmoja wetu. Imezunguka kijiji kizima, ila kwangu haijawahi kufika. Si kwa ubaya. Tangu nimzike mke wangu na kurudi huku, kila nilipoulizwa nilisema nina kazi ya kuandika. Watu wa hapa ni waungwana. Ukiwaambia una kazi, wanakuachia kazi yako. Wameniachia mpaka nimechoka nayo. Jumapili iliyopita nilisimama baada ya misa nikaomba zamu. Niliomba kana kwamba ni jambo dogo. Moyoni nilijua kwamba wasipokuja, sitaomba tena.

Basi leo nimeamka mapema. Nimefagia. Nimechinja jogoo. Nikiwa nangoja jogoo aive, nimeketi kumalizia makala ya jarida la watoto wa shule, kuhusu visiwa vikubwa kuliko vyote duniani. Grinlandi, Nyugini, Borneo, Madagaska, Bafini, Sumatra, na kuendelea. (Australia haimo. Wanasema hiyo ni bara. Nimewaeleza watoto jambo hilo kwa aya mbili na bado mimi mwenyewe sijaridhika.)

Saa nane nimesonga ugali. Nimetumia unga wote uliokuwa ndani ya nyumba. Ugali ule ulikuwa mkubwa, laini, umeviringika juu ya sinia kama kichwa cha mzee mwenye upara. Jueni jambo moja: kwetu mgeni hapelekewi ugali uliomegwa. Unakuja mezani ukiwa mzima, na mkono wa kwanza kuumega ni wa mgeni. Mwenyeji akiumega kabla, amewaambia wageni kwamba hakuwa akiwangoja.

Mimi nilikuwa nikiwangoja. Saa tisa nikasimama mlangoni. Mlangoni kwangu huoni mtu, unaona miwa. Tangu kiwanda cha sukari kianze kulipa vizuri, kila mtu amepanda miwa hadi ukutani. Ya jirani imefika nyuma ya choo changu. Nilipokuwa mtoto niliona moshi wa kila jiko kutoka hapa. Siku hizi najua majirani wako hai kwa sababu mabati yao mapya hupiga kelele mvua ikinyesha.

Saa kumi, kimya. Saa kumi na moja, kimya. Jogoo amepoa. Ugali unaanza kufanya ngozi.

Nikajiambia: basi, hawaji. Walikubali kwa heshima tu.

Nikaketi peke yangu mbele ya sinia lile. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na hasira, na zaidi ya yote nilikuwa na visiwa kichwani tangu asubuhi. Nikachukua kisu.

Grinlandi nimeikata kwanza. Kubwa, imechongoka chini. Nyugini nikaipa umbo la ndege, ndogo kuliko Grinlandi zaidi ya mara mbili. (Nilipima kwa vidole. Nina digrii.) Borneo ikafuata, kisha Madagaska, halafu Bafini, Sumatra na vingine vidogo, hadi kile cha tisa. Mboga ya mrenda, laini ya kuteleza, nikaimwaga katikati, ikawa bahari. Na kwa kuwa Grinlandi karibu yote imefunikwa na barafu, nikachukua sukari ya chai ya wageni nikainyunyiza juu yake. Ilipendeza. Sitawadanganya, ilipendeza sana.

Ningekomea hapo, nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini nyumba ilikuwa kimya mno. Nikaanza kusema.

Nilisema kwa sauti ya mtu anayeongoza watalii. Karibuni, mabibi na mabwana, upande wa kulia ni Nyugini, iliyogawanywa katikati kama shamba la urithi. Mama mwenye kofia, usiegemee huko, utatumbukia. Nikauliza swali kwa sauti ya huyo mama. Nikalijibu. Nikacheka jibu langu. Sumatra nimeila huku nikiwaomba abiria radhi. Kisha nikatangaza kwamba tunakaribia Borneo, kisiwa chenye nchi tatu, nikaing'oa upande wa kaskazini, nikaichovya baharini na kuitia mdomoni.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa.

Aliyetangulia alikuwa Mama Truphosa, mwenyekiti wa jumuiya. Nyuma yake mumewe, Mzee Makokha. Nyuma yao jumuiya yote, wamevaa vizuri, matope magotini. Trela la miwa lilikuwa limeangukia njia, na ikabidi wazunguke kupitia mtoni. Hayo nimeelezwa baadaye. Wakati ule hakuna aliyenieleza kitu. Walikuwa wakiangalia huku na huku ndani ya nyumba. Mmoja akachungulia nyuma ya mlango.

Mama Truphosa akauliza kwa adabu, "Mwalimu, wageni wako wametoka kupitia wapi? Hatujaona mtu akitoka."

Borneo ilikuwa bado mdomoni. Nikatikisa kichwa.

"Tumesimama hapo nje muda," akasema. "Tumesikia uko na watu. Tukasema tusiwakatize, tungoje wamalize."

Naomba mlielewe jambo hili vizuri, kwa sababu mimi nimelielewa pale pale. Jumuiya nzima ilikuwa imesimama nje chini ya upenu wangu, na matope yao, ikinong'onezana kwa furaha kwamba Mwalimu leo amepata wageni. Walimsikia mama mwenye kofia. Walinisikia nikimjibu. Walinisikia nikicheka.

Nikameza. Nikasema hakukuwa na mtu. Nikasema nilikuwa nikijaribisha somo la watoto.

Sasa macho yote yalikuwa kwenye sinia. Ugali wa wageni, umekatwakatwa, unaogelea kwenye mrenda, na juu yake sukari. Mama mmoja akashika mdomo. Sina hakika kama alikuwa akizuia kicheko au sala.

Ningesonga mwingine. Sikuwa na unga. Tungeazima kwa nani? Siku hizi hakuna anayelima mahindi hapa, wote tunanunua unga sokoni, na soko lilikuwa limeshafungwa. Nikasimama pale na kisu mkononi, mtu mzima mwenye mvi, nikijua kwamba nimewaalika watu mara moja tu na mara hiyo hiyo nimewafukuza.

Mzee Makokha ndiye aliyevuta kiti. Ni mzee asiye na haraka. Alikaa, akalitazama sinia kwa muda, akaniuliza hivi ni vitu gani. Nikamwambia ni visiwa vikubwa vya dunia. Akataka nimtajie. Nikamtajia. Nilipofika Madagaska nikasema, kwa mazoea tu, kwamba ukubwa wake ni kama wa Kenya yetu, inazidi kidogo.

"Kwa hivyo nikikula hii nimemaliza Kenya?" akauliza.

Nikasema karibu hivyo.

"Na ile ya wazungu waliotutawala? Si watu husema ni kisiwa?"

Ilikuwepo, pembeni. Katika orodha ya dunia ni ya tisa, na kwenye sinia langu haikufika ukubwa wa kidole gumba. Nikamwonyesha kwa ncha ya kisu.

"Wote walitoka hapo?"

"Wote, mzee."

Mzee Makokha akanawa mikono. Akaichukua, akaitia yote mdomoni, akatafuna polepole akiangalia ukuta. Alipomaliza akaomba kuku.

Basi nyumba ikapasuka. Watu wamecheka hadi wakashikana. Nimepasha jogoo moto. Tumesali kwanza, na Mama Truphosa amebariki chakula "na visiwa vyake vyote" bila kutabasamu hata kidogo, kisha jumuiya ikaila dunia. Walikuwa wakigombania Nyugini. Waliniuliza nani anaishi wapi na analima nini. Kipande cha Grinlandi chenye sukari nyingi kimeliwa na katibu wa jumuiya, ambaye amesema sukari ya Mumias imefika mbali.

Mngedhani mambo yameishia vizuri. Nami nilidhani hivyo. Lakini wakati wa kuondoka, wengine wakiwa wametangulia, Mama Truphosa amebaki akinisaidia kukusanya sahani. Amesema bila kuniangalia.

"Mwalimu. Hivi ndio unakaa kila siku?"

Nilikuwa na jibu tayari. Somo, watoto, jarida. Nikaliacha lipite.

"Siku nyingine huwa naimba," nikasema.

Hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote ya leo. Angecheka ningejua la kufanya. Alifuta meza, akakunja mkeka walioukalia wageni, akasema yeye na mzee wake hula saa moja, na kwamba Jumatano watanitarajia. Nikaanza kumwambia kwamba Jumatano nina kazi ya kuandika.

"Kazi utakuja nayo," akasema. "Mzee anataka kujua kuhusu milima. Lakini ugali nitasonga mimi, na kisu utaacha hapa."

Sasa wameondoka wote. Nimeosha sinia. Huko kwenye miwa bado nasikia mtu akicheka, na mwingine akiiga sauti yangu nikiwakaribisha mabibi na mabwana. Anaiga vizuri, lazima nikubali.

Nyinyi nanyi mkitaka kunicheka, fanyeni Jumatatu au Jumanne. Jumatano sipo nyumbani.