Ufunguo wa Kusoma Tu

Prosper wa Gitega alikuwa na ulimi wa kumuuzia nyuki asali. Siku aliyosikia kwamba benki moja imefungua mlango wa kompyuta uitwao API, ili mteja ashushe miamala yake katika programu ya hesabu za nyumbani, aliwasha pikipiki yake, mali yake pekee duniani, akashika njia ya Muyinga. Huko aliishi Letisia, mama muuza mahindi aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Mtu wa kambi, Prosper aliwaza, kompyuta ataijulia wapi?

"Bon, mama, mi nakuletea dawa," alisema akifungua laptopu. "Iko programu hapa. Franga zako utaziona zote kama viazi sahanini. We nipe tu namba ya siri."

"Namba ya siri haitoki, mwanangu. Benki wananipa ufunguo mwingine wa kukupa, wa kusoma tu. Unatazama, hugusi."

"Kusoma tu?"

"Kwani hupendi kusoma?"

Prosper aliupokea. Fisi akishaonyeshwa zizi, alijiambia, mlango atautafuta mwenyewe.

Basi kila asubuhi, kwake Gitega, alishusha miamala ya Letisia kwa unyenyekevu wa msoma zaburi. Asije akachosha macho, aliiamuru programu imwonyeshe pesa zinazoingia tu. Nazo ziliingia. Milioni, mahindi ya Gashoho. Kesho yake milioni, mahindi ya Gashoho. Keshokutwa vilevile. Prosper akasahau kuiba, akatamani ushirika. Ndivyo tamaa inavyomgeuza mwizi kuwa mtu wa heshima.

Akapiga simu. "Mama, na mi niingize kwenye mahindi. Nauza pikipiki leo."

"Nafasi imebaki moja. Tuma kwenye akaunti hiyohiyo unayoisoma. Kwenye maelezo andika 'ada ya kusoma', nijue ni wewe."

Aliuza, akaandika, akatuma.

Asubuhi aliziona pesa zake zimefika salama, juu kabisa: *Prosper, Gitega. Ada ya kusoma.* Alirudia maneno hayo polepole. Ndipo alipofungua na upande wa pesa zinazotoka. Milioni ilikuwa moja tu: kila jioni ilikwenda kwa Paskazia, mdogo wake Letisia, na kila asubuhi ilirudi, maskini, haijapumzika.

Alipobonyeza tena, programu ilimjibu: ufunguo huu umefutwa na mwenye akaunti.

Prosper alibeba laptopu, akatoka kwa hasira kwenda Muyinga kudai haki yake. Alikuwa ameshafika uani, mkono mfukoni ukitafuta ufunguo wa pikipiki.