Siku Wakili Alipomuuza Mnara

Wakili aliiona nafasi yake akiwa amenyolewa nusu ya kichwa. Mwenye nyumba alikuwa ameingia kwa kinyozi, akasimama katikati ya nywele za watu na kutangaza kwamba chumba cha pembeni, kile kilichokuwa stoo ya rangi, kimebaki kitupu, na kwamba bingwa wa ligi mwaka huu atakitumia mwaka mzima bila kulipa kodi.

"Nimechoka kuwapa kikombe cha plastiki," alisema. "Mtu akishinda, ashinde kitu chenye mlango."

Tuseme mapema kwamba Wakili hakuwa wakili. Mahakama aliijua kwa nje, na hata huko nje alipendelea kupita upande wa pili wa barabara. Jina alilipata kwa sababu ya mdomo. Angeweza kukuuzia miwani wewe mwenye macho mazuri, ukaondoka unamshukuru huku unajigonga mlangoni. Hakuwa na duka, ofisi wala meza. Biashara zake zote zilikuwa mfukoni na ulimini, na zikiharibika alihama nazo bila kukodi gari.

Sasa mtu huyu alikuwa amependa. Alimpenda binti mmoja muuza dawa, na alimpenda kweli, jambo lililomshangaza hata yeye mwenyewe. Binti naye hakuwa na neno. Kikwazo kilikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini aliyekuwa akikodisha viti, mahema na vipaza sauti kwa ajili ya harusi na mikutano. Shangazi alimsikiliza Wakili akijinadi jioni nzima bila kumkatiza, kisha akamuuliza swali moja tu.

"Nikikutafuta saa nne asubuhi, siku ya kazi, nikupate wapi?"

Wakili alijibu kwa maneno mengi na mazuri. Alipomaliza, Shangazi alimmiminia chai nyingine na kumwambia, "Hujanijibu, mwanangu. Siku ukiwa na mahali pa kupatikana, lete wazee wako tuzungumze. Kabla ya hapo usimpotezee binti wa kaka yangu muda."

Kwa hiyo unaelewa kwa nini lile neno la mwenye nyumba lilimfanya Wakili ainuke kitini ghafla, hata kinyozi akakaribia kumkata sikio. Chumba chenye mlango, chenye anwani, kando ya barabara. Huko ndiko angepatikana saa nne asubuhi.

Ligi yenyewe ilikuwa hivi. Wateja kadhaa wa kinyozi walijipangia timu za mpira wa kikapu kwenye simu, kila mmoja akichagua wachezaji halisi wa ligi kuu. Mchezaji wako akifunga kikapu uwanjani, wewe unapata pointi. Akidaka ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu ukadunda, unapata. Akikaa benchi, unapata hewa. Mchezaji mmoja hakuweza kumilikiwa na watu wawili, hivyo waliomtamani walibembelezana na kubadilishana. Mabadilishano hayo yalikuwa na sheria yake: yalifanyika mbele ya kinyozi, naye alipowasha mashine ya kunyolea na kuiacha iungurume kidogo, limepita. Baada ya hapo hata ulie machozi, hurudishiwi. Umeme ukikatika, hakuna biashara.

Zikiwa zimebaki mechi za siku moja tu msimu uishe, Wakili alikuwa wa pili. Wengine walikuwa mbali nyuma wakibishana na simu zao. Wa kwanza, kwa pointi chache, alikuwa Shangazi. Aliingia kwenye ligi kwa utani, akaizoea, akawa tishio. Nguzo yake ilikuwa Mshale wa timu ya jiji, kijana mwepisi kuliko wote nchini, ambaye kila juma alimvunia pointi kwa kapu.

Shangazi huyo ndiye ambaye Wakili alitakiwa kumzunguka. Yaani amlaghai Shangazi ili apate chumba cha kumridhisha Shangazi. Hilo lilimtatiza kwa muda wa kufuta povu shingoni, kisha dhamiri yake, ambayo haijawahi kuwa mkaidi, ikakubaliana naye.

Silaha aliyokuwa nayo ilikuwa Mnara. Hapo zamani ungemtaja Mnara kwa kinyozi, watu wangeacha kunyolewa. Alitoka kubeba matofali kwenye majengo akaingia timu ya jiji akiwa bado hajui kuvaa soksi ndefu, na msimu wake wa kwanza tu akawaongoza wote kwa ribaundi. Akachukua ubingwa, akachukua tena. Mwaka mmoja kinyozi na muuza nyama walinuniana kwa sababu yake, kila mmoja akidai alimchagua mwanzo. Kisha goti likaanza. Likapasuliwa, likapona nusu. Akauzwa timu moja, akaazimwa nyingine, akarudi nyumbani akiwa na mvi kidevuni, na msimu huu wote kazi yake ilikuwa kuwapokea vijana taulo. Katika ligi ya simu thamani yake ilikuwa imekwisha kabisa. Wakili aliachiwa yeye kwa sababu hakuna aliyemtaka.

Mpango ulikuwa mwepesi: amshawishi Shangazi kwamba Mnara atacheza mechi ya mwisho, ampe huyo, achukue Mshale.

Ijumaa alimkuta Shangazi amekaa kwa kinyozi akisubiri mwenye nyumba, miguu ikiwa juu ya kispika chake kimoja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Leo unauza nini?"

"Siuzi. Nimekuja kutua mzigo." Wakili akakaa, akashusha pumzi ndefu. "Nina jambo linanikaa kifuani. Nina ndugu yangu anafua jezi za timu. Ameniambia kesho Mnara anaanza, na anacheza mechi nzima. Kocha ameamua."

"Mnara huyu wa goti?"

"Goti limepona, Shangazi. Kuna mafuta amepaka, sijui ya wapi. Anaruka hadi mke wake analalamika, maana amegonga taa ya sebuleni."

Kinyozi aliinamia kichwa cha mteja ili asicheke. Shangazi hakucheka. Aliinamisha kichwa kando, akamtazama Wakili kwa makini kidogo kuliko kawaida.

"Nani mwingine anajua habari hizi?"

Wakili alifurahi moyoni. Mtu akishauliza nani mwingine anajua, ameshaingia. "Mimi na wewe tu," alisema, "na huyo mfuaji, na yeye hasemi na watu."

Wakati huohuo, kama walivyopatana na Wakili, fundi viatu wa kona aliingia na kuomba kinyozi amchajie simu. "Nina haraka," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma ubaoni. "Yule jamaa mrefu ameniletea viatu vyake nivishone soli. Anasema kesho atavitumia sana." Kisha akatoka bila kuacha simu.

Shangazi alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea. "Sasa wewe kama Mnara atacheza, kwa nini usibaki naye?"

Swali hilo Wakili alilitegemea, na jibu lake alilipenda kuliko yote. "Kwa sababu nataka kuoa," alisema. "Nikikushinda wewe, Shangazi, nitakutazamaje? Afadhali ushinde wewe, ujue nilikupa mimi. Nipe huyo Mshale wako tu ili watu wasiseme nimekuhonga."

Hapa msimulizi analazimika kukiri kwamba jibu lilikuwa zuri. Muuza nyama aliyekuwa akisubiri zamu yake alifuta jicho.

Shangazi alifikiri. Alikunja kitambaa chake, akakikunjua. "Mshale ni mali," alisema. "Siwezi kutoa mali nikapokea mzee hivihivi. Ongeza kitu."

"Sina kitu, Shangazi."

"Una mdomo. Mimi nikishinda kwa huyo Mnara wako, hicho chumba nitafungua ofisi ya kukodisha viti. Nitataka mtu wa kukaa pale kuanzia asubuhi mpaka jioni. Utakaa wewe, mwaka mzima, kwa mshahara nitakaoupanga mimi."

Wakili alijizuia asitabasamu. Mama wa watu alikuwa anadai nyongeza juu ya kitu ambacho hakiwezi kutokea. Angemdai hata figo, angempa. "Kwa heshima yako, Shangazi, nimekubali."

"Mashahidi mpo?" Shangazi aliuliza. Watu wakaitikia. Kinyozi akawasha mashine, ikaunguruma, akaizima. Limepita.

Jumamosi Wakili alivaa shati la kola na kwenda ukumbini mapema. Alikuwa ameshaamua rangi ya mlango. Mechi yenyewe haikuwa na uzito, kwa kuwa timu ya jiji ilikuwa imeshika nafasi yake na haikuweza kupanda wala kushuka, lakini ukumbi ulikuwa umepambwa kwa namna ambayo hakuitegemea. Kando ya uwanja aliona viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe, na maua. Mwisho wa viti hivyo, mbele ya meza ya vipaza sauti, alikuwa amekaa Shangazi, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Timu zikatoka. Mshale alitoka amevaa suti ya mazoezi na kandambili, anakula karanga.

Wakili alimgusa jirani yake. "Mshale anaumwa?"

"Mzima kama wewe. Anapumzishwa, mtoano unaanza wiki ijayo. Kwani kocha gani atamtumia leo?" Jirani alimtazama kwa huruma. "Wewe ni mgeni na mpira huu?"

Kabla Wakili hajajibu, taa zikapunguzwa na mtangazaji akaanza kusema, sauti ikitoka katika vipaza sauti vya Shangazi bila kukwaruza hata kidogo. Alisema kwamba leo wanamuaga mtu. Akataja matofali. Akataja ule msimu wa kwanza, na ubingwa, na goti. Mnara alikuwa amesimama katikati ya uwanja akitazama huku na huku, maana na yeye alifichwa, na ilipofika kwenye jina lake alijifunika uso kwa jezi. Kocha ameahidi, mtangazaji akamalizia, kwamba leo hatatoka uwanjani mpaka filimbi ya mwisho.

Wakili alikaa chini taratibu. Katika maisha yake alikuwa amesema uongo wa kila aina, lakini huu ulikuwa wa kwanza kumgeuka ukawa kweli, na aliona hakutendewa haki.

Bado alikuwa na tumaini. Mzee atacheza, lakini atafanya nini? Mwanzoni Mnara hakufanya kitu. Alichelewa kurudi, alirusha mpira ukagonga ubao na kwenda zake. Wakili akaanza kupumua. Kisha mpira mmoja ukadunda kwenye chuma, vijana watatu wakaruka, na Mnara, ambaye hakuruka hata kidogo, akawa amesimama palepale ulipoangukia. Akaudaka. Na mwingine vilevile. Wenzake wakaanza kumtafuta kwa kila pasi, naye akawa anageuka polepole chini ya kikapu na kuuweka ndani. Kila akifunga, Wakili aliona dirisha moja la chumba chake likizibwa.

Robo ya tatu goti likakataa. Mnara aliinama, akashika kiuno, na kocha akanyanyuka kumwita. Hapo ndipo ilipokuwa bahati ya Wakili, ameketi nayo uso kwa uso: mzee atoke, hesabu zifutike, chumba kiwe chake na binti awe wake. Mnara alimpungia kocha mkono kwamba la. Akajikokota mpaka chini ya kikapu, akadaka mpira uliofuata katikati ya vijana waliozaliwa akiwa tayari anabeba matofali, akaufunga.

Wakili alijikuta amesimama. Alikuwa anapiga kelele. Alikuwa anaita jina la mtu anayemfilisi, machozi yakimtoka ambayo hakuyapanga na hakuwa na wa kumuuzia. Jirani yake alimkumbatia. Mpaka filimbi ya mwisho hakukaa tena, na wala hakuitazama simu yake.

Watu walipopungua, Shangazi alimkuta bado amesimama pale.

"Ulijua," Wakili alisema.

"Klabu ilikuja kwangu mapema wiki hii kukodi viti na vipaza sauti. Wakaniapisha nisimwambie mtu." Shangazi alivua miwani. "Nimekaa na hiyo siri mpaka tumbo linauma. Nikawa najiuliza nitampataje Mnara bila watu kushtuka. Halafu ukaja wewe, mwanangu, unamleta kwa magoti, na unanieleza siri yangu mwenyewe. Nikadhani umejua. Ulipofika kwenye taa ya sebuleni, nikajua hujui lolote."

"Na fundi viatu?"

"Huyo mwambie asiwe anasema anachofundishwa. Anatia aibu."

Jumatatu, kwa kuwa bingwa alikuwa Shangazi, Wakili aliletwa kazini kama mtu anayepelekwa hospitali. Chumba kilijaa viti mpaka darini. Alipewa kigoda, daftari la risiti na kopo la gundi. Asubuhi hiyohiyo akaingia baba mmoja mwenye harusi ya mwanawe, akagonga kiti kimoja kwa kidole na kuuliza kama viti hivi ni imara.

Wakili alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamejipanga tayari: mbao za nje, mkataba wa ubalozi, kiti alichokalia waziri. Akamwona Shangazi ndani, amempa mgongo, anahesabu vipaza sauti kwa utaratibu wa mtu anayesikiliza.

"Vingi ni imara," alisema. "Hivi vya mbele miguu imelegea. Nivitie gundi leo, vitakuwa tayari kabla ya harusi."

Yule baba alimtazama. "Afadhali umesema," akajibu, na akakodi vyote, na mahema juu yake. Wakili alibaki ameshika stakabadhi, akitafuta ni wapi mtu huyo alipoibiwa, asipaone.

Shangazi hakugeuka. "Saa ngapi hiyo?" aliuliza.

"Saa nne, Shangazi."

"Basi Jumapili wazee wako waje. Wakiuliza njia, waelekeze hapa."

Wakili akaokota kopo la gundi, akapindua kiti cha kwanza.