Posa ya Biasha Ilivyopanda Treni

Jumamosi, 2 Novemba 1957. Msambweni.

Inatangazwa rasmi, kwa yeyote atakayeliokota daftari hili baada yangu, ya kwamba leo alasiri treni ya kwanza imewasili Msambweni. Haikuja kwa reli. Imekuja kwa mkokoteni, ndani ya sanduku la mbao, ikiwa vipande vipande. Mwenye treni ni mimi, Sefu bin Mwero, fundi wa taa na majiko ya stovu, mgane, mtu wa makamo na wa heshima zake.

Hapa katika daftari hakuna wa kunicheka, basi niseme: sikununua treni. Nilinunua cherehani. Mzungu mmoja wa Diani anarudi kwao, vyombo vyake vikapigwa mnada. Lile sanduku lilikuwa zito kama cherehani. Ukiligonga, linalia kama cherehani. Nikawaza: leo Chirau mshonaji amepata mwenzake, atakoma! Nikalichukua vivyo hivyo, na misumari yake.

Nimefungua nyumbani. Lahaula! Magurudumu. Vibati. Mbao nyembamba kama chapati. Springi kubwa ya kutia ufunguo, kama ya saa ya ukutani. Na karatasi yenye picha: kichwa cha treni ya dizeli na mabehewa mawili, kila moja refu kama mkono wangu kutoka bega hadi kidole. Treni ya kujiungia mwenyewe! Mtu mzima, mwenye ndevu, anauziwa kitu ambacho hakijaisha!

Dada Mwanapili, mkubwa wangu, ambaye tangu nifiwe na mke amejipa kazi ya kunichunga, alichungulia ndani ya sanduku. Akauliza hiki kilikuwa nini kabla hakijavunjika.

Nilikaa kitako nimeshika tama. Kisha nikamkumbuka Biasha.

Biasha ni yule mjane anayechoma mikate ya mofa karibu na soko. Ninataka kumwoa. Chirau naye anataka kumwoa. Msambweni nzima inajua, isipokuwa labda Biasha, kwa kuwa sisi wote wawili tumekuwa tukimweleza kwa kununua mikate tu. Siku moja alileta taa yake nimtilie utambi, akasema marehemu mumewe alimwahidi kumpeleka Mombasa akapande treni, mauti yakawahi. Mpaka leo hajaiona hata kwa mbali.

Basi! Posa yangu itakwenda kwa treni. Chirau na apeleke yake kwa miguu.

Jumatatu, 4 Novemba

Maelezo yote ni ya Kizungu. Kizungu changu kiliishia darasa la nne, na darasa lile halikufika kwenye dizeli. Nimefuata picha. Nimeunga kichwa, nimeunga mabehewa, milango inafunguka, madirisha yana vioo. Vimebaki vipande kumi na kitu. Nadhani ni vya akiba. Wazungu ni watu wa kujiwekea akiba.

Pigo: chupa ya gundi imekauka, ngumu kama sandarusi. Nilishtuka, nikaitikisa, nikaishtukia tena. Mapaa yote matatu hayana cha kuyashika!

Lakini mtu wa pwani hakosi. Nimeuchanja mfenesi wa jirani, nimekinga utomvu, nimeupika na mafuta ya nazi. Ulimbo! Kila mtu hapa anajua ulimbo unavyonasa ndege. Ndege ana mbawa na bado hachomoki. Paa halina mbawa, litakwenda wapi?

Limeshika. Mkono wangu nao umeshika. Na kuku wa Mwanapili, yule mwekundu, aliruka juu ya behewa la pili kutafuta kivuli, akashindwa kushuka. Amezunguka uani na behewa lake, analia, behewa linamfuata kwa nyuma kwa utaratibu mzuri sana. Mwanapili alipiga ukelele ulioleta majirani. Mimi nilifurahi. Magurudumu yanazunguka!

Jumatano, 6 Novemba

Chirau amekuja kutazama. Futi shingoni, tabasamu la mtu aliyekwisha kushona sanda yako. Tukaamkiana kwa heshima, tukaulizana hali, za nyumbani, za kazi. Kisha akaizunguka treni mara mbili kama anaipima suruali, akauliza moshi unatokea wapi.

Nikamweleza kwamba hii ni dizeli, mtambo wa kisasa, hauna bomba wala hauhitaji. Akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Akasema yeye amefika stesheni ya Mombasa kwa macho yake, na treni aliyoiona huko ilitoa moshi ukaichafua kanzu ya mtu aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Treni isiyofuka, akasema, ni sanduku la sabuni. Na kabla jua halijatua, wanywa kahawa wote walikuwa wakiniuliza sabuni nauza kipande au mche mzima.

Hilo ningelimeza. Lililonishtua ni la mwisho. Alipokuwa anatoka, kwa upole kabisa, akanijulisha kwamba Mzee Garama amemwalika naye barazani Ijumaa, siku ya posa yangu, kama jirani. Na ikiwa yangu itaharibika, yake anayo tayari mfukoni, hatamsumbua mzee kwa siku ya pili.

Garama ni kaka yake Biasha. Mlango wa posa anaushika yeye, na ukifungwa haufunguliwi. Kuna mtu wa Mkongani alikuja kumposa dada yao mdogo, akacheka katikati ya Fatiha. Mpaka leo hajaoa, na hacheki.

Sikuweza kula. Nilikula sahani mbili tu.

Halafu wazo likanijia, nikaruka. Moshi? Atapata moshi! Na katika nyumba ya watu wa heshima, moshi wa kupokea wageni ni upi? Udi! Mwanapili ana chetezo kidogo cha udongo. Nimekiingiza ndani ya kichwa cha treni: kimekaa kama kwamba Mzungu alikipima. Nimetoboa tundu juu ya paa. Ulaya wametengeneza dizeli, lakini dizeli inayonukia hawajaifikiria.

Alhamisi, 7 Novemba

Majaribio. Reli nimezitengeneza kwa zile pau za bati za kufungia marobota ya nguo. Nimetia ufunguo, nimeachia. Treni imetoka mlangoni mpaka kwenye mtungi wa maji bila kuyumba! Mara tatu! Nilipiga makofi peke yangu.

Makaa sikutia. Udi ni ghali, wa nini kuuchoma bure?

Mwanapili aliuliza kama nimeijaribu pamoja na moto. Nikamwambia udi ni udi. Akauliza chetezo chake kiko wapi. Nikamwambia leo sijakiona. Kweli tupu: kilikuwa ndani ya bati.

Ijumaa, 8 Novemba

Posa imepelekwa. Treni imekwenda. Udi umenukia. Wazee wameshangaa sana. Sina la kuongeza.

Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu ninapenda.

Jumamosi, 9 Novemba

Mwanapili amekuja kunirudishia kofia yangu. Ina paa la behewa juu yake. Akauliza jana nimeandika nini humu, nikamsomea. Alicheka mpaka akakaa chini, akajipangusa machozi kwa upindo wa leso. Akasema daftari ni lako, Sefu, lakini moshi ulikuwa wa wote.

Haya. Ilivyokuwa ni hivi.

Kwa ada, mwenye posa hakai barazani. Lakini nani mwingine angetia ufunguo? Nilikwenda kama dereva. Jamvi limetandikwa, huku mimi na wazee wangu wawili, kule Mzee Garama na nduguze, wanawake ndani nyuma ya pazia. Chirau mwisho wa jamvi, karibu na mlango, ndani ya kanzu mpya aliyoishona mwenyewe, nyeupe, ndefu kuliko haja. Reli nimezilaza kutoka magotini pangu hadi magotini pa Garama. Kitambaa cha posa, na barua na pete ndani yake, nimekiweka juu ya behewa la kwanza.

Garama akauliza mshenga yuko wapi, maana posa hushikwa na mshenga kwa mkono wake. Nikamwonyesha treni. Wazee wangu wakasogea kando kidogo, kama watu ambao hawakuja na mimi.

Nikatia kaa la moto. Nikatia udi. Nikaachia.

Iliondoka! Wallahi iliondoka! Moshi mwembamba ukapanda, harufu ikajaa baraza, mzee mmoja akasema mashaallah, na nyuma ya pazia nikasikia sauti ya Biasha ikiuliza kama inakuja huku. Nilimtazama Chirau. Alikuwa ameshtuka. Kama mtu angenifisha saa ile, ningekufa nimetosheka.

Katikati ya njia moshi ukawa mweusi.

Ulimbo, nimegundua, haupendi moto. Kwanza ulitoa jasho. Kisha ukachemka. Paa la kichwa likateleza polepole kama mzee anayeshuka kitandani, mafuta ya nazi yakashika moto, na treni nzima ikaacha reli. Nilijitupa kuikamata: kofia yangu ikanasa behewa la pili, mkono wangu ukashika chetezo. Nilichosema hapo sitakiandika. Behewa la pili lilibaki na mimi. Kichwa na behewa la kwanza vikaendelea na safari, vikaelekea kwa Chirau, vikapanda kanzu yake, vikakaa.

Chirau akasimama. Treni ikasimama naye. Akaruka, nayo ikaruka. Akapiga kelele kwamba inamng'ata. Na kwa kuwa mlango ulikuwa karibu, na mtungi wa maji uko ndani, alipita kwenye pazia na pazia lenyewe, akaingia upande wa wanawake!

Astaghfirullahi! Vigelegele vya posa vimewahi kusikika pwani hii, lakini si vya namna ile. Biasha peke yake hakukimbia. Alichukua kata, akateka maji, akammwagia Chirau, akaimwagia treni, kisha akammwagia Chirau tena. Dada Mwanapili, aliyekuwapo, anasema ile ya mwisho haikuwa na haja, na Biasha alijua.

Chirau katikati ya chumba, amelowa. Treni inaning'inia kifuani. Na juu ya behewa, kimenata sawasawa, hakijaungua, kitambaa changu cha posa.

Garama aliingia taratibu. Akakitazama kitambaa, akamtazama Chirau, akafumba macho. Mimi nilikuwa mlangoni na mkono wangu kinywani, nikiuona ule mlango wa posa unafungwa, nikimkumbuka yule mtu wa Mkongani asiyecheka.

Akafumbua. Akasema kwamba katika nyumba yake posa hupokewa kutoka kwa mshenga. Na huyu ameingia mpaka ndani, mbele ya mashahidi, na posa ya Sefu kifuani pake. "Basi mshenga ni wewe, Bwana Chirau. Ahsante kwa kazi."

Na mshenga hajiposei. Hilo hata mtoto analijua. Chirau alifungua kinywa kupinga, kikatoka kikohozi cha udi. Akakifunga. Posa yake iko mfukoni mpaka sasa, nadhani imelowa.

Sikuamini masikio yangu. Bado siyaamini.

Biasha akakibandua kitambaa mwenyewe, akacheka. Mwanapili anasema tangu afiwe hajamsikia akicheka vile. Kisha akamwambia kaka yake anifikishie: treni ya kutazama ameiona, na ameizima kwa mkono wake. Sasa anataka treni ya kuingia. Ya kukaa dirishani. Akishakaa dirishani, atajibu.

Garama akaongeza la kwake: bila udi.

Mwanapili anasema jambo hili ni jepesi. Lori mpaka Likoni, tuvuke, wanandugu wa Biasha wawepo kwa heshima, tukate tikiti hadi Mazeras na kurudi. Amelirudia mara tatu, akinishika sikio. "Tikiti, Sefu. Tikiti tu." Hata Chirau, ambaye sasa kwa ada hana budi kunisaidia, ametuma salamu kwamba yuko tayari kwenda kuuliza nyakati za treni. Salamu zenyewe zilikuwa fupi.

Nimeyapima maneno ya Biasha kwa makini. Treni ya kuingia. Ya kukaa dirishani. Kisha nimepima kitanda changu cha kamba. Kina urefu wa behewa la haki kabisa! Nikikiwekea kuta za makuti, dirisha ubavuni, magurudumu ya ule mkokoteni chini, Biasha atakaa ndani na ndugu wawili wa kumsindikiza. Springi haitatosha, lakini Chirau ni mshenga, atasukuma. Na ulimbo umebaki nusu sufuria.

Mwanapili amepita sasa hivi, akaniona nimelala chini ya kitanda na futi. Amechukua chetezo chake, amekwenda kukificha.

Si kitu, kopo la bati ninalo. Na Mzee Garama alikataza udi. Ubani hakuutaja.