Akwaria Imefungwa kwa Usafi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na leo anawakilishwa na kiti chake. Waheshimiwa madiwani mliofika na mliotuma salamu. Watendaji wa kata. Wenyeviti wa mitaa ya Ujiji, Gungu na Mwanga, wa sasa na waliopita. Masheikh wetu, mapadre na wachungaji. Wazee maarufu, pamoja na wazee ambao umaarufu wao bado uko kwenye mchakato. Kamati ndogo ya viti na turubai. Akina mama waanika dagaa, mliokaa kule nyuma juani kwa sababu za kiitifaki. Wadau wa maendeleo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Na kwa salamu yetu ya Kiha, mwakeye!

(Wachache wanaitikia. Spika inapiga mluzi.)

Mimi, Leodgar Ntabaye, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Akwaria ya Maji ya Chumvi Ujiji, na vilevile Mwenyekiti wa kamati inayomsimamia Mratibu Mkuu huyo, na ambaye kwa miaka miwili mfululizo kamati hiyo imempa alama za juu kabisa za utendaji, nasimama mbele yenu na mbele ya uzio huu wa mabati nikiwa na unyenyekevu mkubwa, ambao nao ulipata alama za juu.

(Makofi kutoka viti vya mbele.)

Ndugu wananchi, kwa wale ambao hawakubahatika kusafiri kama mimi, akwaria ni tangi kubwa la vioo ambamo samaki wanakaa na binadamu wanawatazama. Niliiona ya kwanza nikiwa kwenye semina ya siku nne huko pwani, nikasimama mbele ya samaki mmoja wa manjano kwa muda mrefu mpaka nikakosa chakula cha mchana, na hapo ndipo nilipojiuliza kwa nini mtoto wa Ujiji azaliwe, akue na azeeke bila kumwona samaki wa maji ya chumvi. Wako watu wenye fikra finyu walionihoji wakisema, Mratibu, sisi tuna ziwa lenye kina kuliko mengi duniani, lina samaki wa kila rangi, tangi la nini tena? Nikawajibu kitaalamu kwamba ziwa hili tulilikuta, halikupitia upembuzi yakinifu, halina mratibu, na wala halijawahi kuzinduliwa.

(Kicheko upande wa nyuma. Mratibu anasubiri kiishe, akidhani ni makofi.)

Sasa, mataifa mengi yanakosea kwa kuanza na samaki. Sisi tulianza na usafi. Roho ya akwaria, ndugu zangu, ni filta, yaani mfumo unaochuja maji ili samaki wasife kwa uchafu wao wenyewe, na kwa hiyo kabla ya kioo, kabla ya saruji, kabla ya kitu kingine chochote, tuliajiri fundi wa kusafisha filta. Huyo ndiye Bi Winfrida, binti wa Gungu, aliyekaa pale pembeni na funguo mkononi. Simama, Winfrida, wakuone. Basi, kaa.

Tulimpeleka pwani miezi mitatu, akarudi anajua kila kitu. Anajua kwamba sponji la filta halikamuliwi kwenye maji ya bomba, kwa sababu dawa ya bomba inawaua wale wadudu wasioonekana kwa macho ambao kazi yao ni kula uchafu. Linakamuliwa kwenye maji yaleyale ya tangi. Anajua mchanga unaoshwa mpaka maji yatoke meupe, anajua mkaa unabadilishwa lini, anajua kila wiki unapunguza maji kidogo na kuongeza mapya yenye chumvi iliyopimwa. Nilipomuuliza kama chumvi ya Uvinza ingefaa, alinieleza kwa dakika arobaini kwa nini haitafaa peke yake, na mimi nikamwelewa kwa dakika tatu za mwanzo.

Eneo likapatikana hapahapa ufukweni. Ni kweli kwamba eneo hili lilikuwa na matumizi mengine, kwamba akina mama walikuwa wanaanika dagaa juu ya mchanga huu tangu enzi za bibi zao na kuchota maji pale kwenye mawe ambako ziwa ni jeupe, lakini maendeleo yana hatua, na hatua ya kwanza ni mabati. Tukazungusha uzio. Akina mama wakahamia kule kando ya barabara, ambako dagaa wao walipata vumbi lenye ubora, na maji wakawa wanayachota pale mtaro unapoingia ziwani.

(Mtu mmoja anasogeza kiti.)

Na usafi ukaanza. Siku ya kwanza alikuja mwalimu kutoka Mwanga na wanafunzi sitini waliovaa soksi nyeupe, wakitaka kuona akwaria. Nikawaambia kwa masikitiko kwamba imefungwa kwa usafi. Wiki iliyofuata ikaja kwaya. Imefungwa kwa usafi. Wakaja watalii wawili waliotoka kuwatazama sokwe. Imefungwa kwa usafi. Takwimu zinaonyesha kwamba katika miaka miwili filta yetu imesafishwa mara mia mbili na nane, sponji halijawahi kukutwa na uchafu, maji hayajawahi kuchafuka, na hakuna samaki hata mmoja aliyefariki tukiwa kazini. Nataka taasisi yoyote yenye akwaria isimame itoe takwimu kama hizo.

(Makofi. Diwani mmoja anaamka, naye anapiga.)

Lakini siwezi kuficha kwamba zilikuwepo changamoto, na ya kwanza ilikuwa Winfrida mwenyewe. Mwezi wa tano wa mradi alikuja ofisini, akaniamkia vizuri, akakaa, akaniuliza anakamua nini. Nikamwambia anakamua sponji. Akasema sponji ni kavu. Nikamweleza kwamba ukavu ni kiwango cha juu cha usafi, nikamshauri aendelee. Akaendelea, kwa sababu ana mama wa kumtunza, lakini kuanzia siku hiyo akawa ananiandikia barua kila mwezi akiuliza kazi yake hasa ni nini, nami kila mwezi nikawa naijibu kwa kuipokea.

Masika ya mwaka huu yalikuwa makubwa, kama mnavyokumbuka. Mtaro ule ulileta kila kitu kutoka mjini. Bi Fatu, mwenyekiti wa waanika dagaa, ana mjukuu wa miaka minne anaitwa Yusra, na mtoto huyo alianza kuhara siku ya Jumanne, na kufika Alhamisi akawa hawezi kushika hata kikombe. Alilazwa, akawekewa maji ya mshipa siku tatu. Watoto wengine watano wa mtaa huohuo wakafuata. Taarifa hizi zilinifikia mezani kwangu nikiwa naandaa ripoti ya robo mwaka, na nilizipa uzito unaostahili kwa kuziweka chini ya kichwa cha habari "Mengineyo."

(Bi Fatu, kutoka nyuma, bila kupaza sauti: "Alikuwa hana machozi, mwanangu. Analia, hatoi machozi.")

Nimekusikia, mama. Naendelea.

Siku hizo Winfrida alikuwa anafungua uzio asubuhi, kama kawaida, ndipo akamkuta Bi Fatu amesimama nje na ndoo, anaomba apitishwe achote pale kwenye mawe. Winfrida alikuja kuniomba ruhusa. Nikamwambia haiwezekani, kwa kuwa akwaria imefungwa kwa usafi. Alikwenda stoo ya mradi, akatoa mapipa matatu ya plastiki ya buluu yaliyonunuliwa kwa ajili ya filta, akatoa kokoto, akatoa mkaa, akatoa mchanga aliokuwa ameuosha yeye mwenyewe miezi kumi na minane bila mtu kuuhitaji, akapakia vyote kwenye mkokoteni na kwenda navyo nyumbani kwa Bi Fatu. Akapanga kokoto chini, mkaa na mchanga juu, akatoboa mapipa na kutia bomba. Akawaambia akina mama kwamba wasubiri wiki tatu mpaka wale wadudu wema wazaliane juu ya mchanga, kwamba wasiuvuruge, na kwamba hata maji yakitoka meupe kama kioo, ya mtoto bado yachemshwe.

Mimi niligundua upungufu wa mapipa wakati wa ukaguzi wa stoo. Nilimwandikia barua ya kujieleza, ukurasa mmoja na nusu, nikimtuhumu kuhamisha miundombinu ya kitaifa kwa mkokoteni. Jibu lake ninalo hapa mfukoni, na nitalisoma kwa sababu nimeagizwa nisifiche kitu. Linasema: "Ndugu Mratibu, nimeipeleka filta mahali penye maji."

(Kelele za furaha kutoka nyuma. Viti vya mbele vinageuka kutazama.)

Tafadhalini, utulivu. Nikaandaa barua ya kumsimamisha kazi. Ilikuwa imekwisha kupigwa muhuri alipofika mkaguzi kutoka makao makuu, Bwana Jeremia, mtu mwembamba, hanywi soda. Akaomba kuona akwaria. Nikamwambia imefungwa kwa usafi. Akasema atasubiri, akaketi kwenye ngazi za ofisi hadi jioni. Kesho yake akaja tena na gazeti. Siku ya tatu akaja bila gazeti, na hilo ndilo lililonitisha. Akaacha kuniuliza mimi, akamwendea Winfrida aliyekuwa anafagia nje ya mabati.

"Dada, usafi utaisha lini?" akamuuliza.

Winfrida akanitazama. Nami nilimtazama kwa macho ya kiuongozi, yale yanayomkumbusha mtumishi kwamba ana mama wa kumtunza. Akatoa funguo mfukoni, akafungua kufuli, akamwambia, "Ingia mwenyewe, baba, uangalie."

Bwana Jeremia alikaa mle dakika mbili. Alitoka na mchanga kwenye viatu. Aliuliza tu filta iko wapi, na Winfrida akampeleka kwa Bi Fatu, nami nikafuata nyuma kwa sababu ya itifaki. Tulimkuta Yusra anaruka kamba uani. Bi Fatu akamkingia mkaguzi kikombe cha maji yaliyochujwa na kuchemshwa, akanywa, akaomba cha pili. Kisha akanikingia na mimi. Mimi, ndugu wananchi, mtu ambaye nilimfungia yule mama njia ya kwenda ziwani, nikapewa kikombe kwa mikono miwili na kuambiwa karibu. Nilikunywa. Yalikuwa maji matamu. Suala hilo sitapenda kulizungumzia zaidi.

(Mratibu anajifuta uso kwa leso. Spika inapiga mluzi tena.)

Ripoti ya Bwana Jeremia ni nusu ukurasa, ufupi ambao kitaaluma naulaani. Ina maagizo manne. Kwanza, uzio uondolewe leo. Pili, akina mama warudi mahali pao. Tatu, Winfrida ahamishiwe kitengo cha maji, akajenge mapipa kama yale katika kila mtaa unaochota ziwani, na ile barua yangu yenye muhuri ichanwe; niliichana jana, vipande viwili, nikamkabidhi kimoja. Nne, Mratibu Mkuu awaeleze wananchi, kwa kinywa chake, hali halisi ya mradi, kisha akabidhi ofisi. Agizo hilo la nne halikutaja turubai, viti wala spika, lakini niliona kuwaeleza wananchi bila turubai ni kuwadharau.

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyonayo hadi saa kumi jioni, naagiza mabati yafunguliwe.

(Hakuna anayesubiri. Akina mama wameshafika kwenye uzio. Bati la kwanza linaanguka, kisha la pili. Winfrida anashika upande mmoja wa bati la tatu, Bi Fatu upande wa pili.)

Taratibu, akina mama, sijafika kwenye shukrani! Itikieni basi kaulimbiu kwanza. Filta safi! (Kimya.) Mnaitikia, samaki safi! Akwaria! (Mtu mmoja: "Oyee," kwa mazoea.) Ahsante, mzee Abeid. Maendeleo ya maji ya chumvi! (Bati linaanguka.) Yadumu!

Namalizia. Naishukuru kamati iliyonisimamia, ambayo ni mimi. Namshukuru Mgeni Rasmi kwa kiti chake. Namshukuru mwalimu wa Mwanga, na namwomba awafikishie wale watoto sitini samahani yangu kwa zile soksi. Namshukuru Winfrida, aliyesafisha mara mia mbili na nane filta ya tangi ambalo hatukuwahi kulijenga, hatukuwahi kulichora, na hata sikuwahi kujua lingekaa upande gani. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi, wananchi wa Ujiji, kwa uvumilivu wenu wa miaka miwili mbele ya uzio ambao nyuma yake hapakuwa na kitu chochote, isipokuwa ziwa.